Mtoto Ambaye Tegan Hakumbeba

"Pole sana kwa mtoto, mwanangu."

Tegan alikuwa anaingiza pai ya nyama kwenye mfuko wa karatasi. Aliinua uso akidhani maneno yale anaambiwa mtu mwingine, lakini mbele ya kaunta alikuwepo mteja mmoja tu. Mama wa makamo, mrefu, uso umebabuliwa na jua, kofia yake ya ngozi ameivua na kuishika mkononi kama mtu aliyeingia msibani.

"Samahani?"

"Najua hupendi kuzungumzia. Brodie alitukataza kabisa tusikupigie simu. Lakini nimekuona hapa nikajiambia, Glenys, ukitoka humu dukani bila kumpa pole binti wa watu, wewe si mtu."

Glenys! Hapo Tegan akamkumbuka. Glenys Hartigan, mwenye kampuni ya ndege ndogo kule Kununurra, bosi wa mchumba wake. Walikuwa wameonana mara moja tu, mwezi wa pili, siku yeye na Brodie walipokwenda kuomba kazi na mama huyu akampandisha kila mmoja wao ndegeni kumjaribu.

"Bi Glenys, mtoto gani?"

"Mtoto wenu. Mimba iliyoharibika mwezi wa saba."

Pai ikaponyoka, ikapasukia sakafuni, mchuzi ukarukia viatu vyake. Tegan hata hakuutazama.

"Mimi sijawahi kuwa na mimba."

Glenys akamtazama Tegan tumboni, kisha usoni, kisha tumboni tena.

"Sema tena."

"Sijawahi kuwa na mimba, Bi Glenys. Si mwezi wa saba, si mwezi wowote. Nani amekuambia?"

Jibu alikuwa nalo. Aliuliza tu kwa sababu kichwa kilikataa kulipokea.

*

Walitoka nje wakakaa kwenye benchi mbele ya duka. Darwin ilikuwa imeshaanza kuchemka ingawa bado ilikuwa asubuhi. Tegan alikuwa na aproni kiunoni na unga kwenye nyusi.

"Anza mwanzo," alisema. "Tafadhali. Usiruke hata neno."

"Mwezi wa tatu nilikupigia simu," Glenys alisema taratibu. "Wewe, siyo yeye. Nafasi ilikuwa moja na nilikuwa nimekuchagua wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Siku ile ya majaribio upepo ulikuwa mkali, unakumbuka? Mwenzako aliilazimisha ndege itue, akatua, nami nikashikilia kiti. Wewe ulipoona haitulii, ukapandisha tena, ukazunguka, ukaja upya. Nikasema huyu ndiye nitakayemkabidhi abiria. Nikapiga, akapokea Brodie. Akaniambia una mimba changa, daktari amekukataza kuruka. Sauti yake ilikuwa ya furaha na huzuni pamoja, mpaka nikamwonea huruma. Halafu akauliza, 'Na nafasi yenyewe, bado ipo?' Ndiyo nikampa."

Tegan alikuwa anatazama magari yakipita.

Tangu walipomaliza chuo cha urubani kule Adelaide walikuwa na shida moja tu, shida ya kila rubani mchanga. Leseni unayo, lakini saa zako za kuruka ni mia mbili na kitu. Kila kampuni inataka mia tano. Hizo saa utazipata wapi bila kazi, na kazi utaipata wapi bila saa? Ndiyo maana vijana wa aina yao hupakia godoro kwenye gari na kuendesha kwenda kaskazini, kwenye kampuni ndogo zinazothubutu kumchukua mtu mbichi. Yeye na Brodie walikuwa wamefanya hivyo. Walilala ndani ya gari, wakala mkate na maharage ya kopo, na njiani wakaapiana kwamba atakayepata kwanza atamvuta mwenzake.

Siku Brodie aliporuka juu ya kitanda akipiga kelele na kumwita kwa jina lake la kudekeza, "Mae, nimepata! Wamenipigia!" Tegan alicheza naye mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha Brodie akaenda Kununurra, yeye akabaki Darwin anauza pai na kungoja zamu yake.

"Na mwezi wa saba?" aliuliza.

"Alikuja ofisini analia, akasema mimba imetoka. Msimu wa watalii ulikuwa umepamba moto, lakini nikampa wiki mbili akakae na wewe. Safari zake nikazirusha mwenyewe. Tukachanga maua." Glenys akasita. "Maua meupe. Uliyapata?"

Tegan akageuka.

Maua meupe! Brodie alikuwa amefika Darwin na shada kubwa la mayungiyungi meupe. Siku ya pili akamchukua hadi kwenye maporomoko ya Litchfield, akapiga goti juu ya jiwe lililolowa, akampa yale maua na pete. Tegan alikuwa amecheka na kulia, akamtania, "Mbona meupe, bwana, tunazika mtu?" Na Brodie, mungu wangu, Brodie alikuwa amecheka pia.

"Niliyapata," Tegan alisema. "Alinichumbia nayo."

Glenys akavaa kofia yake, akaivua. "Mimi mtu mzima," alisema, "nimeona ndege zikianguka. Hili sijaliona."

*

"Mpigie," Glenys alisema baadaye kidogo. "Weka spika. Mimi sitasema neno. Pengine... sijui. Pengine kuna jambo hatulielewi."

Tegan akapiga. Simu ikaita mara moja tu.

"Mke wangu mtarajiwa! Kulikoni asubuhi yote hii? Wameshakufukuza kwenye mapai?"

Sauti ilikuwa ileile ya siku zote, yenye kicheko pembeni. Moyo wa Tegan ulitaka kuiamini palepale.

"Nilikuwa nawaza tu, Brodie. Huko kwenu bado hakuna nafasi?"

"Aa, mpenzi, tumeshaongea hili."

"Naomba uniambie tena."

"Glenys hataki rubani wa kike mwenye saa chache. Nimekuombea mpaka midomo imekauka. Juzi tu amenifukuza ofisini. Yule mama ana roho ya chuma, nakuambia. Ukimwona anavyocheka na watalii utadhani mtu."

Glenys alikuwa ametoa macho kama aliyemwagiwa maji ya barafu.

"Hajawahi hata kunipigia?"

"Nani, Glenys? Akupigie wewe? Thubutu! Sikiliza, vumilia. Tukishaoana mwezi ujao nitaangalia kampuni nyingine. Mama yangu ameshaagiza keki, amekuambia? Ghorofa tatu. Nakupenda, Mae. Wacha nikimbie, abiria wangu wanapanda."

Simu ikakatika. Wanawake wale wawili wakabaki wanakitazama kile kioo cheusi.

"Roho ya chuma," Glenys alirudia.

"Bi Glenys, samahani."

"Usiniombe samahani wewe!" Akasimama. "Nilikuja kufuata vipuri na nimeshavipata. Ndege yangu iko uwanjani na kiti kimoja kitupu. Unakuja au unabaki na mapai yako?"

Tegan akafungua aproni, akaingia ndani, akamwambia mwenye duka ana msiba. Alikuwa ameshafika mlangoni ndipo akajishtukia kwa neno lililomtoka.

*

Walipokuwa juu, bahari imebaki nyuma na nchi kavu imetandaa mbele yao nyekundu, Glenys aliondoa mikono kwenye usukani.

"Shika."

"Sijaruka miezi sita."

"Shika, nimesema."

Tegan akashika. Ndege ikayumba kidogo kushoto, akairudisha. Mikono ilikumbuka yenyewe. Akaendelea kutazama mbele.

"Utamfanya nini?" aliuliza.

"Wewe utamfanya nini?"

"Sijui. Bado nasubiri niamke."

Glenys akatupia jicho kipimo cha mafuta. "Rubani wangu akitua, ananiambia tairi likoje, injini inasikikaje, mafuta yamebaki kiasi gani. Siwezi kwenda kuchungulia kila kitu. Namwamini mdomo wake. Na watu wanapanda wakiwa na watoto wao mapajani kwa sababu mimi nimeuamini huo mdomo. Sasa mdomo wenyewe ndio huu tuliousikia."

"Ni rubani mzuri, Bi Glenys."

"Ni mzuri. Ndicho kinachoniuma."

*

Kununurra, mtu wa kwanza kuwapokea alikuwa Tavita, fundi wa ndege, Msamoa mwenye mabega kama mlango. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akamwona Tegan akishuka, akasimama. Picha yake alikuwa ameiona kwenye simu ya Brodie.

"Dada Tegan?"

Akaja mbiombio, na kabla Tegan hajasema lolote alikuwa amekumbatiwa mpaka miguu inaning'inia.

"Pole, dada. Pole, pole. Mke wangu, Sina, anakuombea kila Jumapili. Anasema wewe ni mdogo wake sasa, hata kama hajakuona." Akamweka chini, akajifuta macho kwa kiganja, akajipaka grisi shavuni. "Sisi wetu tulimzika mwaka juzi, wa kike. Sikuwahi kulizungumza na mtu, hata na mchungaji. Lakini Brodie alipopatwa na yenu nilijua mwenzangu anaumia, nikakaa naye, nikamwambia yote. Tulilia kama watoto, dada. Mumeo ni mtu mwema."

Tegan alihisi ardhi inamsogea. Mpaka hapo alikuwa anadhani ameibiwa kazi yeye peke yake.

"Tavita," alisema, "hakukuwa na mtoto."

Tavita akatikisa kichwa kwa upole. "Najua. Mke wangu naye alisema hivyohivyo mwanzoni. Alisema hajawahi kuzaa, vitu vya mtoto nivitoe ndani. Inapita, dada. Inachukua muda, lakini inapita."

"Hapana, kaka. Nisikilize..."

"Tavita." Ilikuwa sauti ya Glenys nyuma yao. "Anasema kweli. Hakuwepo. Brodie alitudanganya sote."

Fundi yule akamtazama bosi wake, akamtazama Tegan. Akatabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri aambiwe ni mzaha. Walipokaa kimya, tabasamu likamwondoka taratibu, akarudi nyuma mpaka akagusa boksi la vifaa, akakaa juu yake.

"Lakini alilia," alisema. "Nilimwona mimi. Alilia."

Juu ya mashamba ya kijani ya Mto Ord, mlio wa injini ukaanza kusikika.

"Huyo anakuja," Glenys alisema.

*

Brodie alitua laini kama mtu anayelaza mtoto. Watalii wakashuka wakicheka, wakapiga naye picha, mzee mmoja akampigapiga mgongoni. Alipendeza kwenye shati lake jeupe. Aliwasindikiza hadi kwenye basi lao dogo, akapunga mkono, akageuka.

Akamwona Tegan.

Furaha ilimjia usoni kwanza, na hilo ndilo lililomuuma Tegan kuliko yote baadaye, kwamba furaha ilikuwa ya kweli. Kisha akamwona Glenys pembeni yake, na Tavita juu ya boksi, na rangi yote ikamtoka kama shuka inayovutwa kitandani.

"Mae? Umefikaje hapa?"

"Kwa ndege."

"Mbona hukuniambia? Ningekuja..."

"Brodie, mtoto wetu tulimpa jina gani?"

Bati la karakana likalia kwa joto.

"Nakuuliza, mchumba wangu. Watu wananipa pole tangu asubuhi, nami hata jina lake silijui. Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Mae, tuongee pembeni."

"Hapahapa. Waliolia wako hapa."

Brodie akapitisha mkono kwenye nywele. Akatazama lango kama mtu anayepima kama anaweza kulifikia.

"Simu ililia ukiwa bafuni," alisema hatimaye, sauti imekauka. "Nilipokea ili nikuitie. Naapa nilitaka kukuita. Halafu akasema, 'Mwambie nimemchagua yeye.' Nikajiona nimebaki Darwin namimina bia baa, wewe uko angani, unarudi unanihurumia. Tulisoma pamoja, saa zetu zilikuwa sawa. Baba yangu aliuza mashine zake ili nisome. Nikafungua mdomo niseme 'ngoja nikuitie', likatoka lile jingine."

"Mimba ikatoka mdomoni."

"Ilitoka mdomoni. Hata mimi nilishtuka."

"Na ilipoharibika, ulishtuka pia?"

"Watu walikuwa wanauliza! Kila siku, tumbo limefika wapi, atajifungua lini, wake zao wanataka kukuletea vitu. Miezi ilikuwa inakwenda, Mae. Sikuwa na pa kutokea."

"Ukamuua."

"Hakuwa hai!"

"Kwa Tavita alikuwa hai!" Ilikuwa mara ya kwanza Tegan kupaza sauti siku ile, na ilimtoka kwa nguvu hata ndege waliokuwa kwenye waya wa uzio wakaruka. "Mkewe alikuwa anamwombea kanisani! Ulikuwa unawaza nini, ukimsikiliza mtu anakueleza jinsi alivyomzika mwanawe? Ulikuwa unawaza nini, Brodie?"

Tavita alikuwa amesimama. Hakusogea karibu.

"Nilikuonyesha picha yake," alisema. "Ile moja tuliyonayo. Ukalia. Yale machozi yalikuwa ya nini?"

Brodie akamtazama, na kwa mara ya kwanza macho yake yakajaa. "Yalikuwa ya kweli, Tavita. Nililia kwa ajili ya wako."

"Nilikuambia jina lake."

"Ndiyo. Nililikumbuka kila siku, hilo jina la..."

"Usilitaje." Tavita hakupaza sauti. "Usilitaje tena, mahali popote." Akaokota kitambaa chake, akaingia karakana, wakasikia mlango wa chuma ukivutwa.

Glenys akanyoosha mkono. "Funguo za ndege."

"Bi Glenys, nakuomba. Zimebaki saa chache tu nifikie mia tano. Nani atanichukua katikati ya msimu?"

"Atakayekuchukua utamweleza mwenyewe kwa nini uliondoka kwangu. Akikuchukua baada ya hapo, nitafurahi. Funguo."

Akazitoa. Glenys akazipokea, akawaacha peke yao pale kwenye lami. Alipofika mbali kidogo akageuka. "Na mimi roho yangu siyo ya chuma, kijana. Nilikurushia safari wiki mbili, na mgongo huu."

Brodie akamgeukia Tegan taratibu.

"Asubuhi..."

"Alikuwa kando yangu. Nilikuwa nimeweka spika. Nilikupa nafasi, Brodie. Nilikuuliza mara mbili. Nilikuwa naomba moyoni useme, 'Mae, kuna jambo nimelifanya.' Ungesema hivyo, hata kwa simu, sijui ningefanya nini, lakini nisingesimama hapa hivi."

Akapiga magoti. Kwenye lami ya moto, mbele ya watalii waliokuwa bado wanajipanga kwenye basi. Mmoja wao alidhani ni uchumba, akaanza kupiga makofi, mwenzake akamshika mkono.

"Nilipanga kukuvuta. Nilikuwa nangoja nifikishe saa zangu, nihamie ndege kubwa, wewe uchukue hapa. Ningekuambia tukishazeeka, tungecheka."

"Ungeniambia vipi nicheke?"

"Unanipenda au hunipendi? Nijibu hilo tu."

"Nakupenda," Tegan alisema, na machozi yakaanza kumtiririka bila kelele. "Ningekuwa sikupendi ningeshakuwa ndani nakunywa chai. Lakini nikiolewa na wewe, kila simu yangu ikilia nitatoka bafuni mbio na povu kichwani nikaiwahi. Nitazeeka hivyo? Kila ukiniletea maua niulize yalikuwa ya nani?"

Akavua pete. Ilikwama kwenye kifundo kwa sababu ya joto, akaivuta, ikatoka. Brodie hakunyoosha mkono, ndipo Tegan akaiweka kwenye mfuko wa shati lake jeupe, akaufunga kwa kitufe, kama alivyozoea kumfanyia alipokuwa anatoka kwenda kazini.

"Nenda kamwambie mama yako asimamishe keki."

*

Usiku ule Tegan alilala kwa Glenys, kama kulala ndiko kule. Asubuhi alimkuta mama huyo jikoni, amevaa sare, anapaka siagi kwenye mkate.

"Amekwisha kuondoka," Glenys alisema. "Ameacha chumba kisafi. Kaa ule."

Tegan akakaa. Hakugusa chakula.

"Nafasi yake iko wazi, na wewe unajua ilikuwa ya nani. Nataka nikupime tena, kisha nikufundishe njia zetu. Upepo umetulia asubuhi hii. Tupande sasa hivi?"

Hii ndiyo sentensi ambayo Tegan alikuwa ameisubiri tangu siku ile waliyopakia godoro kwenye gari. Alikuwa ameiota akiwa anakanda unga, akiwa anapanga foleni benki, akiwa amelala. Sasa imekuja, naye hakumbuki hata kama chai yake ameitia sukari.

"Siwezi," alisema.

"Hutaki?"

"Nataka kuliko kitu chochote. Lakini sijalala, na kichwa changu hakipo hapa. Leo siwezi kuruka."

"Kuna kijana kule Broome ananipigia kila wiki. Ana saa nyingi kuliko zako."

Tegan mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake haitetemeki. "Mpigie basi. Leo mimi siyo rubani."

Glenys akamsogezea sahani ya mkate.

"Huyo wa Broome ataendelea kupiga," alisema. "Kula. Kalale. Kesho?"

"Ya kesho nitakuambia kesho."

Glenys akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi, akatoka kwenda kurusha watalii wake.

Haikuwa kesho, wala keshokutwa. Siku ya tatu Tegan aliamka kabla ya ndege wa porini, akajikuta ana njaa. Alikula mayai manne, akaenda uwanjani kwa miguu, akamwambia Glenys, "Leo." Wakapanda. Akapimwa, akafundishwa njia za mashamba ya ng'ombe na viwanja vya vumbi, akakaripiwa, akasifiwa kidogo sana. Jioni alikuwa anakula kwa Tavita na Sina. Mara ya kwanza alipoingia nyumbani kwao, Sina alimshika mashavu kwa mikono miwili, wakasimama hivyo mpaka wali ukaungua.

Siku ya safari yake ya kwanza ya kazi, mwezi uleule ambao angekuwa anaolewa, simu ilitetemeka mfukoni akiwa anazunguka ndege kuikagua. Ulikuwa ujumbe wa Brodie, wa kwanza tangu aondoke.

*"Nimemwambia mama kila kitu, na wageni wote nimewapigia mimi mmoja mmoja, wasije wakakulaumu wewe. Nimepata kazi ya kufagia karakana ya ndege kule Alice Springs. Nilimweleza mwenye kampuni nilichofanya kabla hajaniuliza. Akasema fagia kwanza, mengine tutaona. Tavita nimemwandikia, hajajibu, ana haki. Sikuombi urudi. Nilitaka tu usikie kutoka mdomoni mwangu."*

Tegan alisoma akiwa ameegemea bawa, akasoma tena. Alitafuta ndani yake ile hasira ya siku ile, akaikuta imepungua, na chini yake kumebaki huzuni ya kawaida tu, ya mtu aliyempoteza mtu.

Akaandika: *"Nimesikia. Fagia vizuri."*

Akaizima simu.

"Dada!" Tavita aliita akishuka ngazi upande wa pili, anafuta mikono. "Injini iko safi. Abiria wako huyo hapo."

Abiria alikuwa bibi mmoja wa shambani, kiuno kimepinda, ana kikapu cha nyuzi za kufumia na boksi la vifaranga wanaolia. Alipanda mwenyewe akikataa mkono wa mtu, akakaa kiti cha mbele, akamkagua Tegan kuanzia viatu hadi nywele.

"Yule kijana mwenye tabasamu yuko wapi?"

"Ameondoka, bibi."

"Hm." Bibi akalipakata boksi la vifaranga. "Na wewe kazi hii umeianza lini?"

"Leo."

Kikapu kikadondoka. Bibi akamgeukia, macho yamemtoka pima. "Leo? Leo hii?"

"Leo hii, bibi," Tegan alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akasikia kicheko kikimpanda kifuani. Akawasha injini. "Funga mkanda."